Namba 142857: Sifa za Namba na Sifa za Maandishi Yake

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo wetu huzipitia kwa haraka wakati wa mazoezi ya kufundisha ni ile ya namba kubwa. Andalio la somo huwa fupi: kusoma namba hadi milioni, kuziandika kwa tarakimu na kwa maneno, kutaja thamani ya kila tarakimu, kisha zoezi la maswali kumi. Wanafunzi hufanya zoezi, mwalimu husahihisha, na kesho yake darasa limekwisha kuhamia kwenye sehemu. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni bure. Asiyeweza kusoma namba hawezi kusoma stakabadhi ya mazao yake wala hesabu za chama chake cha ushirika. Lakini katika miaka tuliyofundisha hisabati chuoni tumeona kwamba namba kubwa inayopita ubaoni kwa dakika mbili humwacha mtoto akiamini kuwa namba hizo ni marundo ya tarakimu tu, hazina tabia yoyote, wala hakuna la kuziuliza.

Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine. Mwalimu achague namba moja kubwa, aikalishe darasani kwa juma zima, na aichunguze pamoja na wanafunzi wake kama vile mwalimu wa sayansi anavyochunguza mmea mmoja: mizizi yake, shina lake, majani yake, na jamii ya mimea ulimo. Namba tuliyoichagua ni 142857. Tunayo pia sababu ya pili ya kuichagua, nayo ndiyo kubwa zaidi. Namba hii ina sifa za aina mbili, na mwalimu asiyezitofautisha ataishia kuwaonyesha watoto mazingaombwe badala ya kuwafundisha hisabati.

Kuisoma na kuigawanya

Namba yenyewe husomwa: mia moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Wapo wanaosema laki moja na arobaini na mbili elfu, nao hawakosei. Mwalimu azingatie mpangilio wa maneno. Mtoto akisema "elfu arobaini na mbili", mwenzake aweza kuandika 42000, na mwingine akaandika 1042, kwa kuwa katika mazungumzo "na" ya katikati humezwa mara nyingi. Neno "elfu" likija nyuma ya idadi yake, shaka hupungua, na maneno hufuatana sawasawa na makundi ya tarakimu tatu tatu tunayoyaandika.

Baada ya kuisoma, tuiulize swali la kwanza: je, ni shufwa au witiri? Tarakimu ya mwisho ni 7, basi ni witiri. Je, ni namba tasa? Hapa wanafunzi watumie vipimo wanavyovijua. Jumla ya tarakimu zake ni 1 + 4 + 2 + 8 + 5 + 7, yaani 27, nayo 27 hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo namba nzima hugawanyika kwa 9. Tunapata 15873. Jumla ya tarakimu za jawabu hili ni 24, basi tunaweza kugawanya tena kwa 3, tukapata 5291. Kipimo cha 11 ni kuruka tarakimu moja moja: 5 na 9 ni 14, 2 na 1 ni 3, tofauti ni 11, kwa hiyo 5291 hugawanyika kwa 11, na jawabu ni 481. Hapa vipimo vya mkato huisha, na wanafunzi wajaribu namba tasa moja baada ya nyingine. Saba huacha baki ya 5. Kumi na moja huacha baki ya 8. Kumi na tatu haiachi baki, na jawabu ni 37, ambayo ni namba tasa.

Sasa tunaweza kuandika ubaoni kwa uhakika:

142857 = 3 × 3 × 3 × 11 × 13 × 37

Kutokana na mstari huo mmoja tunapata mengi. Idadi ya vigawo vyote hupatikana bila kuviorodhesha. Katika kuunda kigawo chochote, 3 yaweza kutokuwapo, au kutumika mara moja, mara mbili au mara tatu, yaani njia nne. Na kila moja ya 11, 13 na 37 ama ipo ama haipo, yaani njia mbili mbili. Basi vigawo ni 4 × 2 × 2 × 2, jumla 32, tukihesabu 1 na namba yenyewe.

Wayunani wa kale walikuwa na njia ya kuzipanga namba kwa kujumlisha vigawo vyake, ukiacha namba yenyewe. Nikomako wa Gerasa aliieleza katika kitabu chake cha hesabu yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Namba 6 ina vigawo 1, 2 na 3, ambavyo jumla yake ni 6 kamili. Hiyo waliiita timilifu. Namba 12 ina 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16. Hiyo ni zidifu. Namba 8 ina 1, 2 na 4, jumla 7. Hiyo ni pungufu. Vigawo vya 142857, tukiiacha yenyewe, jumla yake ni 112503. Hazifiki. Basi namba yetu ni pungufu.

Chimbuko lake

Hadi hapa namba hii haina ajabu. Ajabu huanza pale tunapoizidisha:

142857 × 2 = 285714
142857 × 3 = 428571
142857 × 4 = 571428
142857 × 5 = 714285
142857 × 6 = 857142

Tarakimu ni zilezile sita, tena kwa mfuatano uleule; kinachobadilika ni mahali pa kuanzia tu. Tukizidisha kwa 7, mchezo unakatika kwa namna yake: jawabu ni 999999.

Mwanachuo mmoja tuliyemtembelea katika shule ya kijijini alianza kipindi chake cha darasa la sita kwa mistari hiyo. Alikuwa ameiandaa vizuri, na darasa lilichangamka. Msichana aliyeketi dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, kwa nini zinazunguka?" Mwanachuo akajibu, "Hiyo ndiyo ajabu ya namba hii. Haya, andikeni." Mtoto mwingine akataka kujua kama iko namba nyingine ya namna hiyo. Akajibiwa kuwa ni hii peke yake. Watoto wakainama, wakaandika. Yule msichana hakunyoosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Baada ya kipindi tuliketi naye nje ya ofisi ya walimu. Tukamwambia, "Ndugu, kipindi chako kilikuwa na uhai, lakini lile swali ndilo lililokuwa somo." Naye alitujibu kwa unyoofu, "Mkufunzi, hata mimi nilionyeshwa hivyo hivyo. Sikuelezwa sababu, nami sikuuliza."

Jibu hilo lilitugusa kuliko kosa lenyewe. Mtoto aliambiwa mambo mawili yasiyo kweli: kwamba hakuna sababu, na kwamba hakuna nyingine. Aliyemwambia hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa anapokeza alichopokezwa. Hivyo ndivyo hofu ya hisabati inavyorithishwa katika shule zetu, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi ambaye baadaye atakuwa mwalimu, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Tukakubaliana kwamba kesho yake arudi katika darasa lilelile na chaki tu, awagawishe 1 kwa 7.

Ndugu mwanachuo, tafadhali chukua kalamu ufanye nasi. Moja haigawanyiki kwa 7, tunaongeza sifuri. Kumi kwa 7 ni 1, baki 3. Thelathini kwa 7 ni 4, baki 2. Ishirini kwa 7 ni 2, baki 6. Sitini kwa 7 ni 8, baki 4. Arobaini kwa 7 ni 5, baki 5. Hamsini kwa 7 ni 7, baki 1. Tumerudi kwenye 1 tulikoanzia, basi kazi nzima itajirudia: 0.142857142857 na kuendelea bila kikomo. Namba yetu si mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni. Imezaliwa na sehemu moja ya saba.

Na kwa nini inazunguka? Tazama mabaki: 1, 3, 2, 6, 4, 5. Unapogawanya kwa 7, baki haliwezi kufikia 7. Sifuri nayo haiwezi kutokea hapa, kwa kuwa 10, 100, 1000 na ndugu zao hazigawanyiki kwa 7. Yanabaki mabaki sita tu, na katika hesabu hii yote sita yanatokea. Sasa ukitaka 2 kwa 7, huanzi njia mpya. Unaingia katika njia ileile pale palipo na baki 2, na tarakimu zinazofuata ni 2, 8, 5, 7, 1, 4. Ukitaka 3 kwa 7, unaingia penye baki 3. Ni kama watoto sita walioshikana mikono katika mchezo wa duara: uanze kuwahesabu kwa nani, hilo ni hiari yako, lakini mfuatano wao ni mmoja.

Siku hiyo ya pili msichana yule ndiye aliyesema, kabla mwalimu hajasema, "Mabaki ni sita tu, lazima yarudi." Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa. Hatukuona haja ya kuandika ushauri mwingine katika fomu ya ukaguzi.

Mabaki hayo hayo yana jambo jingine. Yapange mawili mawili, kila moja na lile lililo hatua tatu mbele yake: 1 na 6, 3 na 4, 2 na 5. Kila jozi hufanya 7. Tarakimu nazo zikipangwa hivyo, 1 na 8, 4 na 5, 2 na 7, kila jozi hufanya 9; ndiyo maana 142 + 857 = 999. Kanuni ya jumla ya jambo hili ilitolewa na Mfaransa aitwaye Midy mwaka 1836.

Sifa hii ni ya nani?

Sasa tunafikia jambo ambalo tungependa kila mwanachuo alitafakari kabla hajaenda darasani. Tuseme kuna mawe 142857 uwanjani, na hakuna mtu aliyeandika chochote. Ni sifa zipi kati ya hizo tulizozitaja zingali pale?

Uwitiri upo: ukiyapanga mawe mawili mawili, moja litabaki. Vigawo vipo: ukiyapanga kwa safu za mawe 11, utapata safu 12987 bila baki, ukiyapanga kwa safu za mawe 13, utapata safu 10989. Upungufu wa vigawo upo vilevile. Sifa hizi ni za namba yenyewe. Lakini kuzunguka kwa tarakimu hakupo, kwa sababu mawe hayana tarakimu. Kuzunguka ni sifa ya maandishi yetu, nayo maandishi yetu hutegemea makumi.

Makumi si amri ya maumbile. Yanatokana na vidole vyetu, na hata vidole hivyo watu hawakuvitumia kwa namna moja. Katika Kiyao na Kimakonde, namba sita husemwa kwa maana ya tano na moja. Hesabu hukaa kwanza kwenye mkono mmoja. Watu wangeweza pia kuhesabu kwa manane. Wakati huo nafasi ya pili kutoka kulia ingekuwa ya manane badala ya makumi, nafasi ya tatu ingekuwa ya sitini na nne, na kadhalika. Mawe yetu yaleyale yangeandikwa 427011. Mara mbili yake ingeandikwa 1056022. Hakuna mzunguko wowote, tena tarakimu zimekuwa saba. Na sababu yake ni nyepesi: katika mfumo wa manane, ukigawanya 1 kwa 7, nane kwa 7 ni 1, baki 1, na tena nane kwa 7 ni 1, baki 1. Duara lina mtu mmoja tu.

Mwanafunzi akilielewa hili, ameelewa tofauti iliyopo kati ya namba na tarakimu, jambo ambalo vitabu vingi hulisema katika sentensi moja na kuliacha. Tena amepata kinga. Wapo watu wanaojipatia fedha kwa kuwauzia wengine "siri za namba" na bahati zake. Mtoto anayejua kuwa mzunguko wa 142857 umetokana na mabaki ya saba na mfumo wa kumi hawezi kudanganywa kwa wepesi kwamba ndani yake mna nguvu.

Hata hivyo, mtu asije akadhani kwamba sifa za maandishi ni za kudharauliwa. Zina sababu zake kamili, na uzuri wake.

Mwalimu wa Devlali

Mtu aliyezipenda sana sifa za aina hii alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. D. R. Kaprekar alizaliwa mwaka 1905 nchini India, akafundisha shule katika mji mdogo wa Devlali tangu mwaka 1930 hadi alipostaafu mwaka 1962, akafariki mwaka 1986. Hakuwa na shahada ya juu wala kazi katika chuo kikuu. Kwa miaka mingi wanahisabati wa nchini mwake waliiona kazi yake kuwa ni mchezo tu. Jina lake lilienea duniani baada ya Martin Gardner kuandika habari zake katika jarida la Scientific American la Marekani mwaka 1975.

Kaprekar alizitenga namba ambazo hugawanyika kwa jumla ya tarakimu zake, akaziita Harshad, neno la Kisanskriti lenye maana ya mtoa furaha. Namba yetu imo: jumla ya tarakimu ni 27, na 142857 kwa 27 ni 5291. Jamii nyingine leo huitwa kwa jina lake mwenyewe. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, likate jawabu vipande viwili, uvijumlishe. Ukirudia namba ya mwanzo, basi ni namba ya Kaprekar. Tisa ni mfano mdogo: 9 × 9 = 81, na 8 + 1 = 9. Namba 45 ni mwingine: 45 × 45 = 2025, na 20 + 25 = 45. Namba yetu nayo imo:

142857 × 142857 = 20408122449
20408 + 122449 = 142857

Hapa pia tusiseme "andikeni". Jawabu la kuzidisha ni milioni 20408 na zaidi yake 122449. Kila milioni ni 999999 na 1. Kwa hiyo kuvijumlisha vipande viwili ni sawa na kutoa 999999 mara 20408 kutoka katika jawabu. Lakini 999999 ni 142857 × 7, basi tumetoa 142857 mara 20408 × 7, yaani mara 142856. Tulikuwa nayo mara 142857, tumeondoa mara 142856. Imebaki mara moja.

Je, ziko nyingine?

Lile swali la mtoto wa pili lina jibu, na jibu lake lina urefu wa kushangaza. Gawanya 1 kwa 13 utapata 076923 inayojirudia. Mabaki yaliyotembelewa ni sita tu kati ya kumi na mawili. Gawanya 2 kwa 13 utapata duara jingine, 153846. Kumi na tatu ina madaraja mawili ya watoto wasioshikana mikono. Lakini 1 kwa 17 hutoa tarakimu kumi na sita, 0588235294117647, na mabaki yote kumi na sita yamo katika duara moja. Basi 17 ni ndugu wa 7. Kati ya namba tasa zilizo chini ya 100, ndugu hao ni tisa: 7, 17, 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97.

Mjerumani Gauss alizichunguza desimali hizi katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1801. Mwaka 1927 Emil Artin alikisia kwamba namba tasa za namna hii hazina mwisho, na kisio lake, kama linavyoelezwa leo, linazipa kiasi cha 37 katika kila namba tasa 100. Hadi leo hakuna aliyelithibitisha kisio hilo. Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu: mtoto wa darasa la sita, akiwa na penseli na kugawanya kwa njia ndefu, aliuliza swali ambalo wanahisabati wa dunia nzima hawajalimaliza. Nalo lilifungwa kwa maneno "ni hii tu".

Mpango wa juma moja

Kwa mwanachuo atakayependa kulijaribu somo hili tunashauri hatua tano, kila moja kipindi kimoja. Cha kwanza, kuisoma namba na kutafuta vigawo vyake tasa. Wanafunzi wafanye kwa vikundi, na kila kikundi kieleze kipimo kilichotumia. Cha pili, kuizidisha kwa 2 hadi 6, bila mwalimu kutangaza matokeo. Waachwe wayaone wenyewe, na maswali yao yaandikwe pembeni mwa ubao. Cha tatu, kugawanya 1 kwa 7, mabaki yakizungushiwa alama kwa chaki ya rangi. Cha nne, mawe au mbegu za mahindi: wanafunzi wahesabu mbegu 50 kwa makumi, kisha kwa manane, waone kwamba 50 na 62 ni maandishi mawili ya fungu moja. Cha tano, kugawanya 1 kwa 11, kwa 13 na kwa 17, kila kikundi na namba yake, ili wajibu wenyewe swali la kama ziko nyingine.

Zana zinazohitajika ni chaki, daftari na mbegu. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu awe amefanya hesabu zote kwa mkono wake usiku wa kuamkia kipindi, pamoja na zile za 17, ambazo huchukua muda. Mtoto akiuliza jambo ambalo hukuliandaa, liandike ubaoni na uliache hapo hadi kesho, ili darasa zima lijue kwamba swali hilo bado linangoja jibu.